Shati Jekundu la Shemeji

Kisiwani, Agosti 21, 1876

Mahala, mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, nawasalimu Ansel na Dorcas, na yule mchanga ambaye mpaka leo hujaniandikia jina lake. Sisi huku tu wazima. Miguu yangu huvimba jioni, lakini asubuhi inanibeba, na mradi inanibeba silalamiki. Bamia zimezaa mpaka tunagawiana kwa kulazimishana. Jirani yangu Tyra ameolewa tena. Huyu ni wa tatu, na jinsi anavyomsifu utadhani wale wawili wa kwanza alikuwa anajifunzia. Chumba cha Mama nakifagia kila Jumamosi, kipo vilevile kama alivyokiacha.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Ng'ambo ya mto, kwenye mashamba ya mpunga, wavunaji wameweka mundu chini. Walikuwa wakilipwa kwa vikaratasi visivyonunua kitu popote ila katika duka la mwenye shamba, na sasa wamesema basi. Wanawake ndio waliosimama njiani na majembe kuwazuia wanaotaka kurudi kazini. Mimi na Tyra tulivuka kuwapelekea viazi, tukarudi tumenyooka migongo kama wasichana.

Na sisi huku tumekula kiapo. Uchaguzi ni Novemba tarehe saba. Tarehe hiyo huwezi kuisahau wewe, kwa sababu ndiyo siku ya mizinga ya meli za Kaskazini, miaka kumi na mitano iliyopita, Mama aliponivuta mkono tukajificha matopeni kwenye majani ya maji, na wewe uliyekuwa jikoni kwa bibi aliyetumiliki ukapakiwa garini pamoja na vyombo vyake ukapelekwa huko juu bara. Basi wale wale waliokupakia ndio wanaotaka kurudi kutawala. Wanawake wa nyumba ya sala tumeapa hivi: mwanamume mweusi atakayewapigia kura Wademokrat, chama cha hao, hapikiwi, hafuliwi shati, hapewi moto wa kuwashia jiko lake, na katika duara letu la sala haingii. Kura hatuna, ila masufuria ni yetu na milango tunaifunga sisi.

Huyo shemeji yangu Ansel sijamtia machoni hata siku moja. Lakini uliniandikia kwamba alikuwa koplo katika kikosi cha watu weusi, na kwamba tangu tupate uhuru hajakosa kupigia kura Republican, chama kilichotupa uhuru huo. Barua ile niliwasomea wenzangu kwa mbwembwe. Sasa wananiuliza, nami nakuuliza wewe: mwaka huu Ansel amesimama wapi?

Dada yako,
Binah


Huku juu, Septemba 12, 1876

Dada Binah mpendwa,

Barua yako imefika. Ilichelewa kidogo, na gundi yake ilikuwa imelegea, labda ni joto. Nimefurahi miguu inakubeba. Chemsha majani ya mullen, yale mapana yenye manyoya, uyaweke miguuni yakiwa ya moto, Mama alikuwa akifanya hivyo.

Mtoto tumemwita Philip. Ameota jino moja na anang'ata kila kitu mpaka ukingo wa meza. Dorcas amekuwa mrefu, magauni yote yamemwishia magotini. Maboga ni mengi. Nyumbu alichomwa na mwiba kwatoni lakini anatembea. Mimi nashona sana siku hizi. Mke wa Bwana Mobley, yule mwenye duka ambaye pia ndiye posta yetu, ameniletea kazi ya kunifikisha Krismasi. Vidole vimeota sugu.

Ansel mzima, anakusalimu. Mambo mengine ni ya kawaida.

Dada, paa la chumba cha Mama halivuji? Na mlango wake unafungika vizuri kwa ndani? Nauliza tu.

Usijisumbue kuniandikia barua ndefu, najua una kazi nyingi.

Mdogo wako,
Mahala


Kisiwani, Septemba 27, 1876

Mahala,

Salamu. Sote wazima. Paa halivuji.

Nimekuuliza habari za mwanamume, umenijibu habari za maboga. Unadhani mimi ni mtoto? Nikaisoma barua yako mara ya pili nikidhani labda nimeruka ukurasa. Tyra akaniambia, "Binah, anayeficha moshi ana moto nyumbani." Nikamgombeza. Kumbe yeye ndiye mwenye macho.

Wiki iliyopita alikuja huku mtu anayefanya kazi kwenye reli ya Augusta. Ameona kwa macho yake gwaride la Mashati Mekundu, wale wenye bunduki wa Wademokrat, huko kwenu, watu mamia juu ya farasi, na nyuma kabisa weusi wachache wamepanda nyumbu. Mmoja, anasema, alikuwa mrefu, ana kovu kidevuni, na wenzake wakimwita koplo. Mahala, wewe ndiye uliyeniandikia habari za kovu hilo, ukasema ndilo lililokufanya umpende!

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mbele ya nyumba nzima ya sala nilisimama kama mwizi wa kuku. Huyo mtu alivaa sare, akalinda sanduku la kura kwa bunduki yake, na leo amepanda nyumbu nyuma ya mikia ya farasi wao, amevaa rangi yao!

Sasa nisikilize mimi niliyekubeba mgongoni. Chukua nguo zake, zote, mpaka soksi, uziweke nje ya mlango mchana, watu wakiona. Usimpikie. Akikwambia ana sababu, mwambie kila aliyetuuza alikuwa na sababu. Ukishindwa kufanya hivyo basi usiniite dada, maana mimi sitakuwa na mdogo anayelala na shati jekundu.

Binah


Huku juu, Oktoba 10, 1876
Kwa mkono wa Mchungaji Gadsden

Dada,

Maana bado nakuita hivyo.

Watoto wazima. Philip ana meno mawili. Barua hii nimempa Mchungaji Gadsden, anayezunguka makanisa yetu kuanzia huku mpaka pwani, naye ameitia ndani ya bitana ya koti lake. Nimeishona mwenyewe. Kwa hiyo leo nitasema.

Bwana Mobley hufungua barua zetu zote, dada. Ndiyo maana nilikuandikia maboga. Nilidhani ungeelewa kwamba mimi si mtu wa kuandika habari za maboga.

Barua yako ya mwisho hakunipa mkononi. Nilikwenda dukani kupeleka kazi, Ansel amenibebea gunia la unga, na wanaume wa kizungu wamekaa kwenye mapipa kama kawaida yao. Bwana Mobley akasema, "Mahala, dada yako anaandika vizuri, hebu nasi tufaidi." Akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, mpaka soksi. Walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pipa.

"Koplo, kumbe huna nyumba!"

"Nguo zako zishatupwa nje, au mama mkubwa wa pwani bado hajatoa amri?"

Ansel alikuwa na gunia begani. Hakuliweka chini. Alisimama hivyo mpaka barua ikaisha, kisha akaniambia, "Twende."

Na sasa kazi ninayoshona. Ni mashati mekundu. Ni mimi ninayeyashona, dada. Hesabu yake nimeacha kuijua. Kila kifungo ulichosikia habari zake kwenye gwaride lile nimekitia mimi. Na la Ansel nimelikata mimi.

Mwezi wa saba, baada ya askari weusi kuuawa katika mji wa Hamburg, huku huku kwetu, wazungu walikuja hapa mchana kweupe wakimtaka Ansel atoe bunduki ya kikosi, na bunduki yenyewe alishairudisha zamani. Wakasema watarudi. Kwa Simon, aliyekuwa sajini wake, kweli walirudi, na Simon tulimzika Jumapili iliyofuata. Ndipo mke wa Bwana Mobley akaniletea majora ya kitambaa, akaninong'oneza kama anayenipa zawadi, "Mweusi anayevaa hili hakuna anayemgusa. Kata na la mumeo." Nikalikata. Vipimo vya mgongo wake nilivichukua akiwa anakula, akadhani namwondolea nyuzi za pamba. Lilipokwisha nikampigia magoti. Akaniambia, "Mahala, unanivika aibu na kuifunga vifungo." Lakini akavaa. Alivaa kwa ajili yangu na ya watoto, akapanda nyumbu akaenda, na aliporudi alikaa nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa.

Kwa hiyo nguo za nani nizitoe nje, dada? Zake au zangu?

Tangu barua yako isomwe hasemi nami ila la lazima. Jana ndipo akasema: "Mwandikie shemeji kwamba kura yangu haijabadilika, na ataisikia." Anasema tarehe saba atakwenda akaitie kura yake ya Republican mbele ya macho yao wote. Nao wameshatangaza kwamba sanduku litakuwa kwenye baraza ya shule na farasi watalizunguka pande zote. Watamuua, dada. Sikwambii kwa kukisia. Simon nilimwosha mimi.

Kuondoka sasa hatuwezi. Mkataba wa shamba umetufunga mpaka mavuno yagawanywe Desemba, na anayetoka kabla hukamatwa njiani pamoja na watoto wake. Kilichobaki ni wewe. Mimi hanisikilizi tena, lakini wewe amekusikiliza mno. Mwandikie akae nyumbani siku hiyo. Mwandikie kwamba humdharau. Mpe Mchungaji, usiitie posta, na ufanye haraka. Nakuomba kwa kaburi la Mama.

Mahala


Kisiwani, Oktoba 24, 1876
Kwa mkono wa Mchungaji Gadsden

Mahala, mdogo wangu,

Mchungaji alinikuta uani nachambua pamba. Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa chini palepale mchangani. Tyra akaja mbio akidhani ni kifo. Tu wazima sote. Sijui kwa nini naandika hivyo, ni mazoea ya mkono.

Nilikuwa nimekula kiapo mahali ambapo ukipiga kelele wanakuja watu hamsini kukusaidia. Nilisahau kwamba wewe uko mahali ambapo ukipiga kelele wanakuja wao. Nisamehe. Ulimi wangu unaujua tangu utotoni, lakini hapo nyuma haukuwahi kupelekwa na posta ukasomwa dukani.

Kwa siku mbili nimeshindwa kuandika ulichoniomba. Kalamu nashika, mkono unakataa. Mama alilala matopeni na mbu siku mbili ili tusipakiwe. Vipi leo nimwambie mwanamume mzima mwenye haki yake akae jikoni? Nilikwenda kwenye nyumba ya sala nikitaka kuwauliza wenzangu, nikaona nyuso zao, nikarudi bila kuuliza. Hili nalifanya peke yangu, na wakijua wakanitoa kwenye duara, basi wanitoe.

Msomee Ansel haya yanayofuata.

Shemeji Ansel, mimi Binah nakusalimu kwa heshima. Niliyoandika juu yako yalikuwa ya mtu asiyejua. Wewe sikudharau. Siwezi kukuambia uwape wao kura yako, mdomo wangu hautamki. Lakini siku hiyo kaa nyumbani. Jifanye mgonjwa, vunjika mguu, lala na watoto wako. Kura itarudi mwaka mwingine, na wewe nataka uwepo. Nakutaka uje huku na mke wako nikuone. Sijapata kukuona.

Mchungaji ananiambia ana makanisa matatu njiani na madaraja mawili yamechukuliwa na maji. Nimemwambia ayaruke hayo makanisa. Amenitazama kwa mshangao, lakini amesema atajitahidi.

Dada yako,
Binah


Huku juu, Novemba 9, 1876
Inamngoja Mchungaji

Dada,

Jibu lako sikulipata. Kila kwato niliyoisikia barabarani nilidhani ni Mchungaji. Labda hukuandika. Kama hukuandika, sasa haidhuru.

Watoto wazima. Dorcas hakuuliza kitu, amekaa tu na mtoto.

Asubuhi ya tarehe saba Ansel alinyoa ndevu. Akachukua shati jekundu mwenyewe, bila kuambiwa, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Moyo wangu ulitulia, dada. Nikasema Mungu amenisikia, amekubali kuwa mtu wao kwa siku moja ili abaki wangu. Nikamfungia mkate. Kisha kitu kikanichoma, nikachukua kapu la mashati yaliyobaki kana kwamba napeleka kazi, nikamfuata kwa mbali.

Farasi walikuwa wamepangwa kuizunguka baraza ya shule, makalio nje, huna pa kupita. Watu wetu walikuwa wamejaa kwenye uwanja na makoti yao ya Jumapili, kila anayesogea anasukumwa na farasi na kuchekwa. Ansel akaenda moja kwa moja. Hawakumtazama uso, waliona rangi tu, wakavuta hatamu wakampisha. Akapanda ngazi. Akatoa karatasi yake kifuani, akaikunjua, akaiinua juu ili kila mtu aione kuwa ni ya Republican, na akaitia sandukuni.

Halafu mzee mmoja wa kwetu uwanjani akasema kwa nguvu, "Asante, koplo."

Bwana Mobley akapiga kelele, "Nani kampitisha huyu?" Mwenzake akajibu, "Si amevaa shati letu!" Wakaanza kulaumiana wao kwa wao juu ya farasi, na kwa muda ule mdogo Ansel alishuka upande wa nyuma akaingia kwenye mabua ya mahindi.

Nilimkuta kijitoni ninapofulia. Alikuwa anacheka, dada. Aliniambia, "Umelishona vizuri, Mahala. Limenifikisha sandukuni." Alikuwa ameshaanza kulivua alitupe majini. Nikamshika mikono. Nikamwambia, "Barabarani hawajapata habari bado. Wakiliona watakupisha kama walivyokupisha leo. Nenda kwa dada Binah, na usilivue mpaka uone mlango wake." Akaniapia. Mtu huyu hujamwona, lakini nakwambia akiapa ameapa.

Wamekuja hapa mara mbili. Wamechukua nyumbu. Mimi hawajanigusa, kwa sababu mke wa Bwana Mobley bado ana mashati yake kwangu.

Kutembea mpaka kwenu ni wiki, labda zaidi kwa njia za porini. Dada, akifika amevaa nyekundu, usimfungie mlango. Najua ulichoapa. Nakuomba usimfungie.

Mahala


Kisiwani, Novemba 16, 1876

Mdogo wangu,

Naandika bila kujua nitampa nani, Mchungaji hajarudi na posta nimeapa kutoitumia. Tu wazima. Usingizi ndio sina. Je, alikaa nyumbani? Barua ilifika? Kila mtu huku anazungumza habari ya matokeo, nani kashinda na nani kaiba, na mimi nauliza swali moja tu kichwani tangu asubuhi mpaka jioni.

Nikusimulie kidogo ucheke, maana hata mimi ninahitaji. Juzi mchana maji yalikuwa yamekupwa, tuko kijitoni tunaokota chaza. Tyra akainua kichwa, akasema, "Jamani, wamefika mpaka huku!" Tukatazama, ng'ambo amesimama mtu mweusi amevaa shati jekundu, bila haya, anatupungia mikono. Halafu akaanza kuvuka, maji ya magoti! Basi tukamlaki. Wengine walipiga ndoo, wengine waliimba kwa nguvu zote ili uongo wake usisikike, maana tulimwona anapanua mdomo. Tukamrushia makombe ya chaza. La kwanza lilikuwa langu, na lilimpata usoni barabara. Tyra anasema hakujua kwamba mikono yangu ingali na kazi. Akarudi alikotoka. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na jioni katika sala walinishika mkono wakaniweka mbele.

Lakini kuna kitu hakinitoki. Wao wakifukuzwa hukimbia na kutukana. Huyu aliinamisha kichwa akarudi polepole. Na hakuwa na viatu.

Niandikie upesi, Mahala. Niandikie hata maboga.

Binah


Kisiwani, Novemba 29, 1876
Kwa mkono wa Mchungaji Gadsden, ndiye aliyeniletea yako

Mahala,

Yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo unalolitafuta. Yuko hai, yuko chumbani kwa Mama, amekula wali na kamba mchana huu. Sasa vuta kiti ukae, na baada ya hapo unichukie kadiri utakavyo.

Pamoja na barua hii nimekutilia ile niliyoiandika tarehe kumi na sita, ambayo sikupata wa kumpa. Sikuichana. Isome kwanza.

Umeisoma? Basi unajua.

Mchungaji alinipa yako Jumamosi. Amesema yangu ya Oktoba uliipata siku aliyochukua hiyo yako, tarehe kumi na tisa, na kwamba uliikunja tu. Nilipofika kwenye maneno yako "usilivue mpaka uone mlango wake," Tyra alinisikia toka kwake. Sikujua kwamba nina sauti ya namna ile.

Tulivuka sote tuliorusha makombe. Tulikwenda tukiita, "Ansel! Koplo!" kwenye kila kichaka na kila ghala, na kila mtu aliyetuona wanawake wa kisiwani tumebeba majembe alitukimbia. Tumekuwa tishio siku hizi. Siku ya tatu tukafika kwa Quash, yule anayefungua na kufunga milango ya maji katika mashamba ya mpunga. Mke wake akatoka mlangoni, akatutazama mikono, akasema, "Mmekuja kummalizia?"

Walimkuta kwenye tuta la shamba ana homa, uso umevimba. Wamemlea tangu hapo. Mke wa Quash alisema shati lile alitaka kulichoma, lakini mgonjwa alilishikilia hata homa ilipompanda. Kila akitaka kumvua alijibu, "Bado. Sijaona mlango."

Jicho lake la kushoto, Mahala. Tumempeleka kwa daktari mjini. Amesema halitaona tena.

Alipokaa kitandani pale kwa Quash akatutazama kwa lile moja lililobaki, akauliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Ni nani kati yenu mwenye mkono ule?" Wenzangu wote wakatazama chini. Nikasema, "Ni mimi. Mimi ndiye Binah." Kisha akasema, "Basi unalenga vizuri, shemeji. Laiti tungekuwa na wewe kwetu tarehe saba." Nililia mpaka mke wa Quash, aliyekuwa amenikunjia uso, akaniletea maji.

Leo tumemleta. Tyra na mumewe wa tatu walipiga makasia. Nilimshika mkono toka gatini, kwa sababu upande wa kushoto anajikwaa, tukatembea katikati ya njia mchana, watu wametoka nje wote wanatazama shati. Tulipofika kwangu akasimama. Akaupapasa mlango kwa kiganja, kuanzia bawaba mpaka komeo.

"Ndio huu wenyewe?"

"Ndio huu, shemeji."

Akaanza kufungua vifungo. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Alivifungua vyote mwenyewe, akalivua, akanipa mkononi, akaingia ndani.

Kiapo kilisema shati la namna hiyo hatulifui. Nimelifua. Liko kwenye kamba mbele ya nyumba ninapoandika, na Tyra amelishika upande wa pili tukalikamua pamoja. Mishono yako haijaachia hata mmoja. Mavuno yakigawanywa, usingoje chochote, panda treni na watoto. Mlango unafungika kwa ndani, nimeujaribu.

Binah